Swali la Kumi na Saba

Wifi ya muuguzi aliingia saa nne kasoro dakika tano, akavuta kiti kabla hajaambiwa kaa, akatua mkoba wake mezani, juu kabisa ya fomu.

"Jana nilipopiga simu, mapokezi walinipangia yule binti mwenye miwani," alisema. "Nimekataa. Nimewaambia nataka wewe. Uniulize wewe, unipime wewe, uandike wewe. Ili siku ukikaa na mama mkwe kunijadili, muwe mnajadili kitu chenye sahihi yako."

Muuguzi aliuinua mkoba kwa vidole viwili, kama anayeondoa bandeji iliyokwisha kazi, akauweka sakafuni.

"Mkoba hauwekwi mezani. Hapa pana vifaa."

"Na salamu je? Nayo haiwekwi?"

"Hujambo, wifi."

"Sijambo, wifi."

Walirushiana neno hilo kama watu wanaorudishiana sahani chafu. Mke wa kaka na dada wa mume wanaitana jina moja, sawa kwa sawa. Kwa hawa wawili usawa uliishia kwenye neno.

Muuguzi alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na minne kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika kliniki hii ya upasuaji wa kurekebisha maumbile. Wenzake walimwita Bi Fomu, na hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kumhoji kila mteja siku chache kabla ya kisu, kwa fomu ya maswali arobaini na moja aliyoitunga mwenyewe, sentensi kwa sentensi, baada ya mgonjwa mmoja kulazwa kwenye meza ya upasuaji akiwa na meno ya bandia ambayo hakuna aliyekumbuka kuyauliza. Ilikuwa miaka saba sasa, na katika miaka hiyo saba hapakuwa na mtu aliyepita ule mlango wa kijani wa chumba cha upasuaji bila kila kisanduku kutiwa alama. Daktari mpasuaji alipenda kusema kwamba yeye anakata tu, anayeruhusu ni Bi Fomu.

Wifi alikuwa na miaka thelathini na minane, watoto wawili, na duka la magauni ya harusi lenye vyerehani sita nyuma ya pazia. Ugomvi wao ulikuwa na umri wa ndoa yenyewe, miaka kumi na mmoja. Ulianza ukumbini, siku ya harusi, muuguzi alipomwambia shangazi mmoja, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, kwamba kifua cha bibi harusi ni sponji tupu, na sponji hiyo ikilowa jasho itateremka mpaka kiunoni kabla keki haijakatwa. Sponji haikuteremka. Maneno ndiyo yaliyoteremka, meza kwa meza, mpaka yakamfikia mwenyewe. Tangu hapo alimwita wifi yake Kipimajoto: kitu cha baridi, alieleza, kinaingizwa mahali usipopenda, kikitoka kinakusema.

Asubuhi hiyo, alipoona ni nani yumo kwenye orodha, tena ameomba ahojiwe na yeye, muuguzi alikuwa amemfuata daktari katika chumba cha kubadilishia nguo. Daktari alikuwa akinywa chai wima, kofia ya upasuaji tayari kichwani.

"Wa saa nne mpe mtu mwingine," alimwambia. "Ni mke wa mdogo wangu, na simtaki."

"Humtaki kwa sababu gani?"

"Hana haja ya upasuaji. Anataka kushindana na magauni yake."

"Hiyo si sababu ya kitabibu."

"Najua."

"Basi mhoji. Orodha inasema ameomba wewe; amejua anaomba nini."

Ndivyo walivyofika pale, goti kwa goti, na fomu katikati.

"Umepangiwa keshokutwa," alisema muuguzi. "Eleza kwa maneno yako unakwenda kufanyiwa nini."

"Kunyanyuliwa matiti na kujazwa, kwa mkupuo mmoja. Vifuko vya silikoni, chini ya msuli."

"Unajua kwamba vifuko hivyo si vya maisha?"

"Najua."

"Vinaweza kukaa miaka kumi, kumi na mitano, ikazidi, ikapungua. Hakuna wa kukuahidi. Ukifanya mara moja, jihesabu umekwisha kukubali kurudi."

"Hata gari hubadilishwa matairi."

"Gari haliweki kovu. Mwili wako utajenga utando wa kovu kuzunguka kifuko. Kwa wengi utando unabaki laini. Kwa wengine unakaza. Titi linakuwa gumu, linauma, linapinda upande. Hapo unafunguliwa upya."

"Nimesoma."

"Kifuko kinaweza kupasuka kimyakimya, usihisi chochote. Kwa hiyo vipimo vya picha kila baada ya miaka kadhaa, hata ukiwa mzima wa afya."

"Hilo nalo nimesoma," alisema wifi, akakunja mguu juu ya mguu. "Na siku nikienda kupigwa picha ya kutafuta saratani, nimwambie mpiga picha mapema, maana silikoni inaficha. Na kuna saratani nyingine, adimu, inayohusishwa zaidi na vifuko vyenye ngozi ya kukwaruza, ndiyo maana nimechagua vya ngozi laini. Na chuchu zinaweza kufa ganzi, kwa miezi au kwa jumla. Na nikizaa tena, huenda nisiweze kunyonyesha vizuri. Na nikivitoa nisirudishie vingine, ngozi itakunjamana kama soksi iliyokwisha mpira. Nimeruka nini, mwalimu?"

Muuguzi alikuwa amejiandaa kwa mwanamke wa kuja na picha ya mtu maarufu kwenye simu na kusema nifanye hivi. Huyu aliyekaa mbele yake alijua mambo kuliko nusu ya wateja wake wa mwaka ule. Ukweli ulikuwa silaha ya muuguzi, na ilimuudhi kuukuta mkononi mwa mwingine, tena ameushika vizuri.

"Umeruka sababu," alisema. "Kwa nini unafanya?"

"Hilo ni swali la ngapi?"

"La tatu."

"Andika: kwa sababu nataka."

"Na mdogo wangu anasemaje?"

"Hilo ni la ngapi?"

Halikuwemo, na wote wawili walijua. Wifi alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka, akasema kwa sauti kavu, akiutazama ukuta:

"Mdogo wako hajasema kitu, wala sikumwuliza. Andika hivi. Miaka kumi na mitano nashona sponji kwenye magauni ya wenzangu. Nimenyonyesha wawili, wa pili mpaka miaka miwili na nusu, tena muumaji. Jioni nikivua gauni, navua na kifua, nakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimechoka kutundika kifua msumarini. Imeingia kwenye mistari yako?"

"Mistari ni miwili."

"Basi fupisha. Kufupisha watu si ndiyo fani yako?"

Muuguzi aliandika: *Sababu binafsi.* Kisha akamfunga mkono kwa mpira wa kupimia presha, akaukaza kuliko ilivyohitajika, akaulegeza. Presha ilikuwa nzuri. Uzito mzuri. Mimba hakuna. Kisukari hakuna. Dawa za kuyeyusha damu hatumii. Kila kisanduku alichokitia alama kilikuwa mlango mwingine uliofunguka kwa wifi yake, na alijikuta anabonyeza kalamu.

"Kumi na saba. Je, unavuta sigara?"

"Hapana."

"Kumi na nane. Umewahi kupata mzio wa dawa?"

"Mzio wangu ni mawifi. Dawa, hapana."

"Ishirini na mbili. Una meno ya bandia?"

"Meno yangu. Kucha zangu. Nywele si zangu, kope nusu kwa nusu. Andika."

"Fungua mdomo."

"Nimekwambia ni yangu."

"Mtu wa nusukaputi atakupitishia mrija hapo. Lazima nimwambie kuna nini ndani. Fungua."

Aliwasha kurunzi ndogo, akachungulia. Meno imara, ulimi safi, koo pana. Akauvuta mdomo wa chini kwa kijiti cha mbao, kama alivyowafanyia mamia ya watu, na hapo mkono wake ukasimama. Kati ya mdomo na ufizi, upande wa kushoto, palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, limekunjamana kama ngozi ya vidole vilivyoshinda kwenye maji ya kufulia. Ufizi wa hapo ulikuwa umerudi nyuma, mizizi ya meno mawili iko nje.

Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha.

"Hii nini?"

Wifi alifunga mdomo. "Nilijiuma."

"Mtu hajiumi mahali hapo mpaka ufizi ukarudi nyuma. Unabwia ugoro."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu.

"Umeniuliza kama navuta sigara," alisema wifi polepole. "Sivuti. Sijawahi. Soma fomu yako, Bi Fomu. Sivuti."

"Tumbaku ni tumbaku."

"Hayo ungeyaandika. Hukuyaandika."

Muuguzi alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa na jambo la kweli, la kitabibu, lisilo na shaka, na alilichukua kwenda nalo kwa daktari kama mtu anayekimbiza karatasi ya ushindi. Wifi alimfuata, viatu vyake vikigonga sakafu ya korido hatua kwa hatua. Walimkuta daktari kwenye sinki, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, mgonjwa wake amekwisha kulala ndani.

"Huyu hawezi kuingia keshokutwa," alisema muuguzi. "Anatumia tumbaku."

"Mama, unavuta?" aliuliza daktari bila kugeuka.

"Sivuti, Daktari. Sijawahi kutia sigara mdomoni."

"Muulize ugoro," alisema muuguzi.

Hapo daktari aligeuka. Aliziangalia kucha ndefu zenye rangi, hereni, sketi iliyokatwa na fundi hodari, akasikia na manukato, akacheka. "Ugoro? Huyu?"

Wifi naye akacheka, kicheko kirefu cha dukani. "Daktari, nisaidie. Huyu ni wifi yangu. Hebu niambie, mbele yake, asubuhi alikwambia nini juu yangu? Maana najua alikwambia."

Daktari akarudisha macho kwenye povu. Hilo lilikuwa jibu tosha.

"Ana doa mdomoni," alisema muuguzi. Alisikia sauti yake imepanda. "Apimwe mkojo, nikotini itaonekana."

"Kipimo hicho tunapeleka nje, majibu siku nne. Sikiliza. Asubuhi umeniambia humtaki. Sasa umempatia kasoro. Labda ni kweli; lakini nikuamini nani, muuguzi au wifi? Fomu yako inauliza sigara, naye anasema hapana. Nina mtu mezani. Nikitoka hapa nikute fomu moja yenye jibu moja. Vita vyenu vimalizeni kwenu."

Mlango wa kijani ukafunguka, ukajifunga.

Walirudi chumbani mmoja nyuma ya mwingine. Wifi alikaa kwenye kiti chake kama mtu aliyeshinda kesi, akatoa kioo kwenye mkoba, akajitazama kope. Muuguzi alikaa akaitazama fomu.

Alikuwa mtu wa kupanga hoja, na alizipanga. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amemsema mwanamke huyu vibaya mbele ya kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza, na sasa alikuwa na neno la kweli, na hapakuwa na aliyelinunua. Hilo lilikuwa moja. La pili lilikuwa baya zaidi. *Je, unavuta sigara?* Aliyeandika swali lile ni yeye. Alipoliandika alikuwa amemwona akilini mwanamume akisimama dirishani na moshi. Hakumwona fundi wa kike ameinamia cherehani saa kumi na mbili mfululizo, mikono yote miwili kazini, hawezi kushika sigara karibu na hariri nyeupe hata kama angetaka. Swali liliulizwa kwa usahihi, likajibiwa kwa ukweli, na lilikuwa bovu. Watu wangapi walikuwa wamepita ule mlango kwa jibu la namna ile, hakujua, na kutojua kulimuuma kuliko kicheko cha daktari.

Pale kliniki kosa la kwenye faili halifutwi. Linapigwa mstari mmoja, neno la zamani likisomeka, kisha unaandika tarehe na herufi zako pembeni. Alikuwa amewafundisha hivyo wauguzi wote wapya. Akachukua kalamu akapiga mstari juu ya neno *sigara*, na mwingine juu ya *unavuta*, na wa tatu juu ya alama ya *Hapana*.

"Unafanya nini?" aliuliza wifi, kioo bado mkononi.

"Swali hili nililitunga vibaya."

"Hebu rudia."

"Nililitunga vibaya."

"Mara ya tatu ningependa mapokezi wasikie."

"Mapokezi hawahusiki." Aliandika juu ya mstari, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, akatia tarehe, akatia herufi zake. Kisha akasoma kwa sauti ileile anayomsomea mtu asiyemjua kabisa. "Swali la kumi na saba. Je, unatumia tumbaku ya aina yoyote: ya kuvuta, kunusa, kutafuna au kubwia?"

Wifi aliendelea kujitazama kope.

"Kabla hujajibu, nakueleza kwa nini tunauliza. Ukinyanyuliwa, daktari anakata ngozi kuzunguka chuchu, anaihamisha juu. Kuanzia hapo chuchu inaishi kwa damu ya mishipa michache iliyobaki chini yake. Ukijazwa siku hiyohiyo, kifuko nacho kinaisukuma mishipa hiyo. Nikotini inaibana. Haijali imepita kwenye mapafu au kwenye ufizi. Siku ya kwanza chuchu inakuwa ya zambarau. Siku ya tatu au ya nne nyeusi. Kisha inakauka, na tunaikata kwa mkasi, kwa sababu haina uhai. Inabaki donda, linafunga kwa wiki nyingi, na kifuko kikiingia wadudu kinatolewa. Nimeshika mkasi huo mara mbili. Wote wawili walikuwa wavuta sigara waliotudanganya. Hayo hukuyasoma?"

"Niliyasoma," alisema wifi. "Waliandika wavutaji."

"Nao waliandika vibaya."

Kioo kilirudi mkobani. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile mikono ya wifi kukosa la kufanya.

"Unajua nini kitatokea ukiandika," alisema. "Nitafika nyumbani nikute kikao. Mama mkwe kwenye kiti kikubwa, shangazi zenu wawili pembeni, na mdogo wako ameinamisha kichwa. Ndoa nzima nimekula karafuu na kusukutua mdomo kabla hajarudi. Mimi ndiye ninayewavalisha mabinti zao magauni meupe, halafu watasema mdomo wake umejaa ugoro kama mlinzi wa usiku. Utafurahi wewe. Utakaa kiti cha mbele."

"Faili linafungiwa kabatini. Funguo ziko mbili, yangu na ya daktari. Mdogo wangu si mgonjwa hapa."

"Apa."

"Siapi."

"Unaona!"

"Nikitoa siri ya mgonjwa nafutiwa leseni. Nimeisomea miaka minne na kuilinda ishirini na miwili. Kiapo kinategemea nakupenda au sikupendi. Leseni haitegemei."

Wifi aliinamia meza. "Kwa hiyo ungemwambia kila mtu, ila unaogopa kufukuzwa kazi."

"Ukipenda kuiweka hivyo."

"Hilo naliamini," alisema wifi. "Ungesema ni kwa ajili ya undugu, ningeinuka nikaondoka."

Akaivuta fomu kwake. Akasoma swali jipya tangu mwanzo mpaka mwisho, midomo ikicheza kidogo, akarudia lile neno la mwisho. Kisha akaichukua kalamu ya muuguzi bila kuomba, akatia alama kwenye *Ndiyo*, akaandika jina lake pembeni kwa herufi zilizokandamiza karatasi.

"Haya. Kata hukumu."

"Wiki sita bila tumbaku kabla ya kisu, wiki sita baada yake. Vibandiko vya nikotini navyo marufuku. Tutapima mkojo."

"Baada ya wiki sita msimu wa harusi unaanza. Nina magauni thelathini yanayosubiri kupunguzwa viuno."

"Najua."

"Hujui lolote. Hujawahi kukaa mbele ya bibi harusi anayelia na zipu imekataa. Keshokutwa ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa nimewaaga mafundi, nimewapeleka watoto kwa dada yangu. Kwa miezi minne nimejipanga. Umeniharibia."

"Ningetaka kukuharibia ningekuacha uingie."

"Usinifanyie wema, wifi. Haukukai vizuri."

"Na hilo doa mdomoni likaonwe na daktari wa meno wiki hii," alisema muuguzi, akimwandikia karatasi ya rufaa. "Sisemi ni baya. Nasema sijui, na wewe hujui."

Wifi aliichukua karatasi ile kwa vidole viwili, akaikunja mara nne, akaisukumiza ndani kabisa ya mkoba, mahali pa vitu ambavyo mume hachunguzi.

Daktari alitoka saa sita na robo. Alisoma fomu akiwa amesimama, akafika kwenye mstari uliopigwa, akaangalia herufi za muuguzi pembeni, akaangalia alama ya *Ndiyo*. Aliinua nyusi. Hakuomba radhi, aliandika *Imeahirishwa*, akatia sahihi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne alimwondolea muuguzi kikombe kitupu cha chai mezani akakipeleka mwenyewe kuoshwa.

Mdogo wa muuguzi alikuwa akingoja uani, gari likiunguruma, dirisha wazi. Alikuwa mtu mpole, mwepesi wa kuchanganyikiwa akiwa baina ya wanawake wawili, na alishuka alipoona wote wawili wametoka pamoja, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Vipi? Mmemaliza?"

"Muulize dada yako," alisema wifi, akapita moja kwa moja kwenda mlango wa pili wa gari. "Keshokutwa haipo tena. Kanikatalia."

"Dada?"

"Imeahirishwa," alisema muuguzi. "Wiki sita."

"Kwa nini? Anaumwa?"

"Sababu zimo kwenye faili."

"Mimi ni mume wake!"

"Najua. Nilikuwepo."

Mdogo wake alishika kiuno. Shingo ilianza kumvimba, kama enzi za utotoni akinyang'anywa kitu. "Miezi minne anahangaikia jambo hili. Miezi minne! Wewe kwa siku moja umelizima. Mama aliniambia utalizima. Nikasema hapana, dada kazini ni mtu mwingine. Kumbe ni wewe yuleyule. Ni roho mbaya tu, dada. Roho mbaya na wivu."

Muuguzi alimtazama mwanamke ndani ya gari. Wifi alikuwa akifunga mkanda, anatazama mbele, midomo ameibana. Alisikia kila neno. Angeweza kusema chochote, hata uongo mdogo wa kupunguza makali. Presha, kwa mfano. Hakusema. Neno la kumaliza shauri lile lilikuwa na herufi tano, na muuguzi alikuwa nalo mdomoni, lote.

"Una la kusema?" aliuliza mdogo wake.

"Aje Jumanne baada ya wiki sita. Saa nne."

"Basi usikanyage kwangu. Mpaka siku utakapomwomba radhi mke wangu, mbele ya mama, usikanyage kwangu."

"Sawa."

Aliingia garini akaubamiza mlango. Gari lilianza kurudi nyuma, likasita, kioo cha upande wa pili kikashuka nusu.

"Kipimajoto," aliita wifi. "Saa nne, au nne na nusu?"

"Nne. Usichelewe."

Kioo kikapanda.

Muuguzi hakusimama pale kuwatazama wakitoka. Alirudi chumbani, akaziondoa mezani fomu tupu zote zilizobaki, akazipeleka kwenye mashine ya kukata karatasi, akazitia tano tano mpaka zikaisha. Kisha akafungua kabati kwa ufunguo wake, akatoa mafaili ya waliopangiwa wiki ile. Yalikuwa saba. Yote yalikuwa na alama kwenye *Hapana* ya namba kumi na saba, kwa mkono wake mwenyewe.

La juu lilikuwa la mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miaka sitini na mmoja, aliyekuwa anakuja kesho kupunguzwa matiti kwa sababu ya mgongo. Muuguzi alimkumbuka vizuri: alijibu maswali yote arobaini na moja akiwa amenyoosha mgongo huohuo mbovu, na akamsahihishia herufi moja aliyoikosea kwenye jina la mtaa.

Alipiga simu. Ikapokelewa kwenye mlio wa pili.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni muuguzi wa kliniki. Kuna swali nilikuuliza vibaya."

"Marahaba. Uliza."

Akamsomea, neno kwa neno, ya kuvuta, kunusa, kutafuna au kubwia.

Upande wa pili kulikuwa na sauti za watu na redio. Kisha zikasikika hatua, mlango ukafungwa, redio ikapotea. Mwalimu alipozungumza tena alikuwa ameshusha sauti mpaka chini kabisa.

"Nani kakwambia?"